Reivu za Uingereza: nguo zilirudi, sheria haikuondoka

Tangu mwaka wa 1994, sheria ya Uingereza inawapa polisi uwezo wa kuwafukuza watu waliokusanyika usiku kucheza muziki wa bafle nje, ikiwa kelele zake zinawasumbua sana wakaaji wa karibu. Ili mtu asije akabisha kwamba zile ni kelele tu na si muziki, wabunge waliongeza maelezo: muziki ni pamoja na sauti ambazo sehemu yake kubwa ni mapigo yanayofuatana na kujirudia. Mpiga gitaa wa Kinshasa akisoma maneno hayo atacheka. Sebene ni nini, kama si mapigo yanayofuatana na kujirudia mpaka kiatu kiishe? Na ngoma za matanga je?

Lakini walioandika sheria hiyo hawakuwa wanafikiria sebene. Walikuwa wanafikiria reivu. Ndilo jina la karamu za usiku kucha zilizoenea Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980: muziki uliotengenezwa kwa mashine, bafle kubwa, giza, moshi, na mamia au maelfu ya vijana ndani ya depo iliyoachwa au katikati ya shamba. Nguo za vijana wale zimerudi madukani zaidi ya mara moja. Kila zinaporudi ni vitu vilevile: uso wa manjano unaocheka, vijiti vya mwanga, filimbi shingoni, salopeti pana, rangi zinazochoma macho. Sheria iliyowafukuza haikuwa na haja ya kurudi, kwa sababu haikuondoka.

Muziki wenyewe haukuzaliwa Uingereza. Ulitoka Marekani, katika miji miwili iliyokuwa inapoteza viwanda vyake. Huko Chicago, mwaka wa 1977, ilifunguliwa klabu iliyoitwa Warehouse, yaani depo, na dijei wake alikuwa Frankie Knuckles. Waliokuja kucheza hapo walikuwa hasa Wamarekani weusi na watu wa asili ya Amerika ya Kilatini, wengi wao mashoga, watu ambao mahali pengine mlangoni hawakukaribishwa. Inasimuliwa kwamba jina la muziki wa hausi lilikatwa kutoka jina la klabu hiyo. Huko Detroit, mji wa magari, vijana watatu weusi waliosoma pamoja, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walitengeneza ndugu yake mwenye sauti ya chuma zaidi, tekno.

Katika habari hii kuna mashine moja ndogo inayostahili kusimamiwa kidogo. Kampuni ya Roland ya Japani ilianza kuuza TB-303 mwishoni mwa mwaka wa 1981. Ilikusudiwa kumsaidia mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake: yeye apige gitaa, mashine impigie besi. Kama besi, ilikuwa ya bure kabisa. Haikufanana na besi ya mtu yeyote, na kuipangia nota kulichosha. Kufikia mwaka wa 1984 Roland waliacha kuitengeneza, baada ya kutoa mashine zipatazo 10,000, na nyingi zikaishia katika maduka ya vitu vilivyotumika kwa bei ya kutupa. Ndiko vijana wa Chicago walikozipata. Kundi moja, Phuture, badala ya kuipangia besi kama buku la maelekezo lilivyotaka, walizungusha vifungo vyake mashine ikiwa inapiga. Sauti ikaanza kulia, kukoroma, kupanda na kushuka kama kitu kilicho hai. Mwaka wa 1987 walitoa disiki ya sauti hiyo, na aina hiyo ya hausi ikaitwa asidi hausi. Mashine iliyoshindwa kazi yake ikapata kazi ambayo hakuna fundi aliyeiwazia.

Katika kiangazi cha mwaka huohuo, madijei wachache wa London walikwenda kupumzika Ibiza, kisiwa cha Uhispania. Kati yao walikuwa Paul Oakenfold, Danny Rampling na Nicky Holloway. Katika klabu ya Amnesia walimkuta dijei wa Argentina, Alfredo, akichanganya hausi na pop na kila kilichomfaa, hewani, chini ya nyota, mpaka jua linatoka. Waliporudi kwao walitaka kuendelea. Mwishoni mwa mwaka wa 1987 Rampling na mke wake Jenni walianzisha Shoom, si katika klabu ya kifahari bali katika chumba cha mazoezi ya viungo, kusini mwa mto Thames. Chumba kilijaa moshi wa mashine hata mtu hakuona mikono yake. Joto lilikuwa kama la tanuri.

Hapo ndipo habari ya nguo inapoanzia, na haikuanza kama mtindo. Klabu za London za wakati ule zilikuwa mahali pa kuonekana: viatu vinavyong'aa, koti zuri, mlinzi wa mlangoni anayekupima toka kichwani mpaka miguuni. Msapeli yeyote wa Kinshasa au Brazzaville angejisikia nyumbani. Ndani ya Shoom nguo za namna hiyo zilikuwa adhabu. Mtu anayecheza masaa sita katika joto lile anahitaji tisheti pana, suruali isiyobana, raba. Hivyo vijana walivaa vilivyopitisha hewa. Salopeti ilikuwa nguo ya mfanyakazi, na yule aliyecheza usiku kucha alikuwa kazini kweli. Kitambaa cha kichwani kilikuwa cha jasho. Filimbi ilikuwa ya kumjibu dijei, kwa sababu sauti ya mtu haikusikika. Vijiti vya mwanga, vilivyotengenezwa kwa watu wanaofanya kazi gizani kama wanajeshi na wapiga mbizi, vilikuja baadaye, reivu zilipohamia mahali pasipo taa. Jile za wafanyakazi wa barabarani vilevile. Hata mavazi ya ajabu zaidi yalikuwa na asili ya aina hiyo: wanamuziki wawili wa kundi la Altern 8, kutoka mji mdogo wa Stafford, mwaka wa 1991 walipanda jukwaani katika suti za kujikinga na silaha za kemikali na masuku ya vumbi usoni. Zilikuwa nguo za kazi za jeshi la anga.

Uso wa manjano nao ulikuwa wa zamani. Mchoraji wa matangazo Harvey Ball aliuchora Marekani mwaka wa 1963 kwa ajili ya kampuni ya bima, ili wafanyakazi wake wachangamke. Shoom waliuweka kwenye vikaratasi vyao, na kufikia kiangazi cha 1988 ulikuwa kwenye tisheti za inchi nzima.

Kulikuwa na kitu kingine, na anayesimulia reivu bila kukitaja anadanganya. Vijana wengi walimeza ekstasi, dawa ya kulevya iliyokuwa imekatazwa Uingereza tangu mwaka wa 1977 na kuwekwa katika kundi moja na heroini. Iliwapa nguvu ya kucheza na hisia ya kuwapenda watu wasiowajua. Wengi waliokuwepo husema kwamba mashabiki wa timu za mpira waliozoea kupigana viwanjani walikumbatiana humo. Huenda ni kweli kwa wengi. Lakini dawa hiyo hupandisha joto la mwili, na katika chumba chenye joto tayari, matokeo yake yalikuwa ya hatari. Mwezi wa saba 1989 msichana wa miaka 16 alianguka ndani ya Haçienda, klabu maarufu ya Manchester, na akafa baada ya kumeza ekstasi. Tena kulikuwa na klabu zilizofunga mabomba ya maji ili zuze maji ya chupa. Ilibidi mji wa Manchester, mwanzoni mwa miaka ya 1990, uandike masharti ya usalama: maji baridi ya bure, na chumba cha kupumzikia. Masharti hayo madogo, ambayo hakuna anayeyachapa kwenye tisheti, yaliokoa watu.

Inabaki swali: kwa nini Uingereza, na kwa nini wakati ule? Inchi ilikuwa imetoka katika miaka mizito. Katikati ya miaka ya 1980 watu zaidi ya milioni tatu hawakuwa na kazi. Wachimbaji wa makaa ya mawe waligoma mwaka mzima, kuanzia mwezi wa tatu 1984 hadi mwezi wa tatu 1985, wakashindwa, na machimbo yakaendelea kufungwa. Msomaji wa Likasi au Kolwezi hahitaji kuelezwa hali ya mji pale kampuni iliyoulisha inapoanguka. Viwanda vilivyofungwa viliacha depo tupu kila mahali. Baa kwa kawaida zilifungwa saa tano za usiku, na klabu nyingi saa nane au saa tisa. Kulikuwa na vijana, kulikuwa na nyumba tupu, na masaa kabla ya alfajiri hayakuwa na mwenyewe.

Katika mji wa Blackburn, kaskazini, mji wa viwanda vya nguo vilivyonyamaza, maelfu walikusanyika kila wiki katika majengo hayohayo ambamo wazazi na mababu zao walifanya kazi. Kusini, walitumia barabara. Barabara ya M25, inayouzunguka mji wa London, ilikamilika mwaka wa 1986, na miaka mitatu baadaye ilikuwa mlango wa reivu. Tikiti haikutaja mahali. Ilikuwa na namba ya simu tu. Usiku wa Posho vijana walisubiri ndani ya magari kwenye vituo vya mafuta, mmoja akipiga simu kutoka kibanda, mpaka sauti iliyorekodiwa iseme: nendeni upande fulani. Kisha msururu wa magari unaondoka. Wenye karamu walijua kwamba polisi wakikuta watu mia moja wanaweza kuwarudisha. Wakikuta elfu kumi tayari wanacheza, hawana la kufanya. Katika mwezi wa sita 1989, waandaaji walioitwa Sunrise waliwakusanya watu wapatao 11,000 kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha White Waltham, magharibi mwa London.

Magazeti yaligeuka kwa haraka ya kuchekesha. Mwezi wa kumi 1988 The Sun lilikuwa linawauzia wasomaji wake tisheti za uso wa manjano. Kabla mwezi haujaisha lilikuwa linawaonya wazazi juu ya hatari ya karamu hizo, na maduka yakaanza kuondoa tisheti zilezile. Gazeti lilipata faida mara mbili kwa uso mmoja.

Ndani ya reivu wenyewe mambo hayakuwa ya upendo tu. Wale wa kwanza wa Shoom, kabla mwaka wa 1988 haujaisha, waliacha kuvaa uso wa manjano na kuwacheka waliouvaa. Waliwaita wajinga waliochelewa, walioona kwenye gazeti na kuja mbio. Desturi hiyo imebaki katika muziki huu mpaka leo: kila kizazi kinaamini kwamba mlango ulipaswa kufungwa mara tu chenyewe kilipoingia. Walevi wa hausi waliwadharau wa reivu za mashambani. Hao wakawadharau watoto waliokuja mwaka wa 1991. Hao nao wakaja kuwadharau wote waliofuata. Wenye kudharauliwa zaidi mara nyingi ndio walioleta jipya. Vijana weusi wa London, waliokulia katika nyumba za Wajamaika wenye bafle zao kubwa na mila yao ya kushindana kwa besi, waliuchukua muziki wa reivu, wakaharakisha ngoma zake, wakaweka chini yake besi ya rege, na kufikia mwaka wa 1994 walikuwa na jango, muziki ambao haukuwepo Chicago wala Detroit. Humo nguo zilibadilika tena. Katika karamu za jango mtu alivaa hariri na majina ya Waitaliano, Moschino na Versace, na kama hukupendeza ulirudishwa mlangoni. Msapeli akawa amerudi nyumbani.

Serikali ilianza na pesa. Mwaka wa 1990 mbunge Graham Bright alipitisha sheria iliyopandisha faini ya kuandaa karamu bila ruhusa kutoka pauni 2,000 hadi pauni 20,000, pamoja na uwezekano wa miezi sita gerezani. Tayari mwaka uliotangulia polisi walikuwa wameunda kikosi maalum, chini ya Ken Tappenden katika jimbo la Kent, cha kusikiliza, kuchora ramani na kufuata misururu ya magari. Mwezi wa kwanza 1990 maelfu ya vijana waliandamana Trafalgar Square, London, wakidai haki ya kucheza. Mwezi wa saba mwaka huohuo, katika depo moja ya Gildersome karibu na Leeds, polisi walikamata watu 836 kwa usiku mmoja. Ni wachache mno kati yao waliofikishwa mbele ya hakimu.

Waliokuwa na mtaji walielewa somo. Mwaka wa 1991 ilifunguliwa Ministry of Sound, kusini mwa London, klabu yenye ruhusa, kodi, walinzi na jina ambalo baadaye lilichapwa kwenye disiki na nguo. Wasiokuwa na mtaji walielekea upande mwingine, kwa watu waliokuwa wanaishi ndani ya magari na mabasi makuukuu, wakihama kutoka sikukuu moja hadi nyingine. Hao walikuwa na historia yao na polisi. Tarehe 1 mwezi wa sita 1985, katika shamba moja la kusini mwa Uingereza, msafara wao ulizuiwa, magari yao yakavunjwa vioo wakiwa ndani, na mamia wakakamatwa. Sasa watu wa bafle na watu wa mabasi walikutana, na reivu ikawa ya bure: hakuna tikiti, hakuna mlango.

Ndivyo ilivyofika Castlemorton. Mwishoni mwa mwezi wa tano 1992, polisi wa jimbo moja waliwazuia wasafiri wasifanye sikukuu yao ya kila mwaka. Wasafiri wakaendelea na barabara mpaka uwanda wa wazi wa Castlemorton, chini ya vilima vya Malvern, katika jimbo lingine. Nyuma yao wakaja watu wa bafle, kati yao kundi la Spiral Tribe, waliovaa nguo nyeusi na kunyoa vichwa, hawana rangi hata moja. Televisheni ilipotangaza habari hiyo jioni, iliwapa njia maelfu waliokuwa hawajui pa kwenda. Walifika watu kati ya 20,000 na 40,000, na muziki ulipiga kama wiki moja, mchana na usiku.

Haifai kuwacheka wakaaji wa Castlemorton. Walikuwa wakulima na wazee katika kijiji kidogo. Hawakulala. Kondoo walisumbuliwa na mbwa, vichaka viligeuzwa vyoo, na polisi waliowapigia simu waliwaambia kwamba watu ni wengi mno, hawawezi kuondolewa. Mtu aliyewahi kulala jirani ya baa yenye bafle nje, au ya kanisa la mkesha, anajua kwamba haki ya kucheza na haki ya kulala hugombana kweli. Tatizo ni jinsi ugomvi huo ulivyoamuliwa. Watu 13 wa Spiral Tribe na wenzao walifikishwa mbele ya tribinali kwa kosa la kuleta usumbufu kwa umma. Kesi iligharimu serikali mamilioni ya pauni. Wote 13 waliachiliwa.

Kwa hiyo sheria ya zamani ilishindwa, na ikaandikwa mpya. Ilianza kutumika tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 1994. Ilihusu watu 100 au zaidi nje, muziki wa bafle, usiku. Iliwapa polisi uwezo wa kuchukua vyombo vya muziki, kuamuru watu waondoke, na hata kumsimamisha mtu aliye barabarani mwendo wa maili tano, yaani kilomita nane, kutoka mahali pa karamu, na kumwambia ageuke, ijapokuwa hajafika wala hajacheza. Aliyekaidi amri ya kuondoka aliweza kufungwa miezi mitatu. Kabla haijapitishwa, makumi ya maelfu waliandamana London mara tatu mwaka huo. Mara ya tatu, mwezi wa kumi, mambo yaliishia kwa ghasia na polisi wa farasi katika Hyde Park. Wanamuziki wawili, Autechre, walijibu kwa namna yao: walitoa disiki yenye wimbo ambao ngoma zake ziliundwa zisijirudie kabisa, ili mwenye kuupiga asivunje sheria. Kwenye karatasi ya nje walimshauri dijei awe na avoka karibu. Spiral Tribe, wao, walikuwa wamekwisha kuvuka bahari. Walikwenda Ufaransa na bafle zao, na reivu za bure zikaota mizizi huko.

Miaka kumi na miwili baadaye nguo zikarudi.

Mwaka wa 2006, gazeti la muziki la NME lilianza kuandika juu ya kundi la London lililoitwa Klaxons na kuupa mtindo wao jina la reivu mpya. Klaxons walikuwa bendi ya roki: gitaa, besi, ngoma, vijana waliokuwa watoto wakati wa Castlemorton. Jina hilo lilianza kama mzaha kati yao na rafiki zao, na wenyewe walisema hivyo tena na tena, lakini mzaha ukishaingia kwenye ukurasa wa kwanza haurudi. Mwanzoni mwa mwaka wa 2007 NME lilidhamini safari ya maonyesho ya bendi hizo katika miji ya Uingereza. Wasikilizaji walikuja na vijiti vya mwanga na filimbi. Mshonaji Carri Munden, kwa jina la kazi Cassette Playa, alitoa nguo za rangi kali zenye picha kama za michezo ya kompyuta, na katika klabu ya Boombox, mtaa wa Hoxton, mtu alipigwa picha zaidi ya alivyocheza. Mwezi wa tisa 2007 albamu ya kwanza ya Klaxons ilipata zawadi ya Mercury, moja ya zawadi kubwa za muziki Uingereza. Kisha, katika muda wa mwaka mmoja hivi, rangi zikafifia madukani na bendi zikaanza kukana kwamba ziliwahi kuhusika.

Wazee wa mwaka wa 1989 walikasirika sana. Walisema hii si reivu, ni karamu ya mavazi. Walisahau kwamba wao pia waliazima: uso wa kampuni ya bima, muziki wa mashoga weusi wa Chicago, bafle za Wajamaika, salopeti za mafundi. Vijana wa 2006 walifanya kile ambacho vijana hufanya. Jambo lingine ndilo lenye uzito. Kijiti cha mwanga cha mwaka wa 1989 kilimulika shamba lisilo na taa. Cha mwaka wa 2007 kilimulika ukumbi wenye umeme, ruhusa, bima na mlango wa dharura. Tangu mwezi wa kumi na moja 2005, sheria mpya ya vileo ilikuwa imeziruhusu klabu kuomba masaa marefu, hata mpaka asubuhi. Mwenye pesa ya tikiti hakuhitaji tena kujificha. Na kwa asiyekuwa nayo, bunge lilikuwa limebadilisha namba moja tu mwaka wa 2003: badala ya watu 100, sheria ya reivu sasa inawahusu watu 20. Haihitaji tena hata wawe nje. Waliovamia jengo nao wamo.

Watu ishirini. Kwa Bukavu hiyo ni siku ya kuzaliwa ya mtoto, na majirani hawajafika bado.

Badiliko hilo halikuleta maandamano makubwa kama ya 1994. Lilipita ndani ya sheria ndefu juu ya tabia mbaya mitaani, wakati ambapo reivu zilikwisha kuonekana kama kumbukumbu ya wazazi. Mwezi wa nane 2020, wakati wa Korona, serikali iliongeza faini ya pauni 10,000 kwa anayeandaa mkusanyiko wa watu zaidi ya 30, na mara hiyo sababu ya afya ilikuwa ya kweli na wengi waliikubali. Mwaka mmoja kabla ya hapo, jumba la Saatchi, London, liliweka maonyesho ya picha za reivu, na wageni wakalipa tikiti kuingia kuangalia vijana waliokataa kulipa.

Mabishano ya namna hiyo hayakuishia Ulaya. Uganda, sikukuu ya muziki wa elektroniki ya Nyege Nyege, iliyoanza Jinja mwaka wa 2015, imekatazwa na kuruhusiwa tena zaidi ya mara moja. Mwaka wa 2018 aliyeikataza ni waziri wa maadili, Simon Lokodo. Mwaka wa 2022 ni bunge, kabla serikali haijairuhusu kwa masharti. Jina lenyewe halikusaidia. Waandaaji wanasema kwa Kiganda ni hamu ya ghafla ya kucheza. Kwa Kiswahili, kila msomaji anajua, si neno la kusema mbele ya mama mkwe. Kwenye majukwaa yake singeli ya Dar es Salaam imepata masikio ya dunia, na huko Kampala Mkongomani Rey Sapienz amejenga kazi yake ya tekno kwa Kilingala na Kiswahili.

Na ile mashine ndogo ya Roland, iliyotupwa mwaka wa 1984, leo haipatikani kwa bei ya mtu wa kawaida. Mwaka wa 2019 televisheni ya BBC ilionyesha filamu ya msanii Jeremy Deller juu ya historia hii. Deller alikwenda katika shule moja ya London, darasa la wanafunzi wengi wenye wazazi waliotoka nje ya Uingereza, waliozaliwa baada ya mambo hayo yote. Aliwaonyesha picha za wachimbaji wanaogoma, kisha picha za watu wanaocheza. Kisha akawawekea mashine za muziki mezani. Walisita kidogo, wakaangaliana, na mmoja akaanza kuzungusha vifungo.